Tikiti za Wenyewe

Jumapili, 2 Novemba

Yule mtu wa benki amepiga tena. Ati kadi yangu ya kawaida niache, nichukue ile nyeusi ya wasafiri. Nikilipia vitu vya riyali elfu sita kwa miezi mitatu, napewa pointi za tikiti ya bure, Jeddah mpaka Nairobi na kurudi. Lakini ada yake ya mwaka! Karibu nusu mshahara, na hairudi.

Binti yangu Mitchelle anajifungua Februari. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa na akazikwa nikiwa huku, nikitazama kwa simu. Safari hii nataka kumshika mkono.

Jumanne, 4 Novemba

Mimi ni mpishi wa shule, nakula hapo hapo. Elfu sita nitanunua nini — sabuni?

Ni tikiti za wenyewe tu. Wasichana wa kwetu wanaofanya kazi mtaa wa Hindawiyah hawana kadi ya kulipia ndege. Wananipa pesa mkononi, mimi nalipa kwa kadi, pointi zinabaki kwangu. Hakuna ubaya. Nimefanya hivyo miaka.

Jael wa chumbani amenicheka. Ati hiyo kadi inakuingiza pale wakubwa wanangojea ndege, utaingia na hayo malapa, Mama Mitchelle? Nikamwambia nitaingia, na chapati zangu kwa mfuko.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeunguza wali wa watoto. Akili haiko.

Asubuhi Carol, mmoja wa wale wasichana wa Hindawiyah, alisema mamake ameugua. Kitu cha kwanza kuja kwa kichwa changu — tikiti. Pole ilikuja nyuma. Mchana akapiga, mama amepata nafuu, haendi tena. Nikasema asante Yesu. Na ndani nikasikia kama nimenyang'anywa kitu.

Mimi ni mtu gani sasa?

Ijumaa, 7 Novemba

Nimekubali. Ada wameshakata. Yule wa benki akaniita madam. Kadi mpya inaanza kazi kesho kutwa, Jumapili. Ya zamani bado inalipa, lakini haihesabiwi kwa zile elfu sita.

Jumamosi, 8 Novemba

Asumpta, msichana mwingine ninayemkatia tikiti, amepiga kutoka Manfuha, Riyadh. Baba yake ameanguka, amelazwa Kakamega. Kampuni imempa ruhusa, visa ya kutoka iko, pesa ya tikiti ameshanitumia. Riyali elfu mbili kasoro. Kuna ndege ya leo jioni na ya kesho jioni, bei moja.

Ati Mama Mitchelle, wewe ndiye unajua haya mambo, nichukulie ipi?

Nikamuuliza, mzee anaongea? Jana aliongea. Leo hasemi, anashika mkono tu.

Nikamwambia ngoja niangalie.

Nimeangalia nini? Ndege ziko. Kadi ya zamani iko hapa mezani, ile mpya ni mpaka kesho. Badala ya kulipa nimeketi naandika, na ya leo imebaki viti vitatu.

Ameandika tena sasa hivi. Anauliza, nifunge begi ama bado?