Nesi Niliyemsifia

Jumanne, 4 Machi 2025

Leo nimempakia profesa! Mimi Lusajo, niliyeishia kidato cha pili. Gari lake limenasa kwenye tope hapa kijijini kwetu Ruanda, boda yangu ikamfikisha zahanati. Profesa Teresia, wa uuguzi. Anatafiti manesi wa vijijini, anafundisha chuo cha mjini. Njia nzima kang'ang'ania shati langu kama kuku wa mnadani. Nikamwambia, Mama, vitabu vyote vile havikukufundisha kupanda boda? Akacheka.

Akauliza habari za nesi wetu, Sista Enesi. Kaniuliza mimi? Nikamwaga sifa! Eti mtoto akitanguliza miguu, Enesi anamtoa huku anaimba kwaya. Nusu kweli, nusu yangu. Kaandika yote.

Jumatatu, 17 Machi

Enesi kaondoka. Profesa kamtafutia nafasi chuoni — kipaji kama kile kikasome, kije kifundishe wenzake. Kina mama vigelegele! Nikatamba: ni mdomo wangu huu! Dada Tumpe, tumbo limemfika puani, akaniuliza: Na mimi nitazalishwa na mdomo wako?

Nikacheka. Kidogo.

Wamesema nesi mpya anakuja wiki hii.

Jumatatu, 24 Machi

Hajaja. Kufuli mlangoni pa zahanati.

Jumatano, 26 Machi, mchana

Nimemleta tena Profesa na madodoso yake. Tumemkuta Tumpe barazani pa zahanati, anang'ata kitenge. Kufuli nimelivunja kwa spana. Mguu wa mtoto unaonekana. Mguu! Gari la wagonjwa limetoka Vwawa, limenasa kwenye tope lilelile.

Mama yetu anasema ashukuriwe Mungu, Profesa yupo. Profesa akanivuta pembeni, akaninong'oneza: Miaka kumi na tisa hajazalisha mtu, anafundisha tu. Nimpigie Enesi, haraka.

Mtandao unashika juu ya jiwe hili tu. Ndipo nilipokaa, daftari gotini — nisipoandika nitalia. Simu ya Enesi imezimwa. Chuoni, saa za darasa simu zinakusanywa mlangoni. Sheria kaiweka Profesa mwenyewe.

Nimepiga mara saba.

Sasa Profesa anaita dirishani: Lusajo! Wewe si ulisema Enesi huwatoa wa miguu? Huwa anafanyaje?

Sijawahi kuona. Hata siku moja.

Anaita tena. Tumpe kanyamaza. Mdomo wangu umekauka.