Nilikubali Kosa, Tena Nikakata Rufaa

Neema, mujukuu wangu,

Jambo sana toka Bruxelles. Huku tuko wazima. Tonton yako, mujomba wako, amehamia Ganshoren. Umeuliza kama ni kweli nilifungwa. Ni kweli.

Nilibeba valizi ya muntu toka Anderlecht, hapa Bruxelles, ndani kulikuwa cocaïne. Mbele ya juge, yaani hakimu, nilikubali kosa, akanipa cinq ans, miaka mitano.

Avoka wangu, ule wa kunitetea, akanionya: "Maman, ukikata rufaa, procureur, mwenye kunishitaki, naye anaweza kukata. Inaweza kupanda mpaka sept, miaka saba." Siku ya mwisho ya muda wa rufaa nikasaini.

Avoka alitaka niseme sikujua. Lakini juge wa rufaa akaniuliza: "Ulikubali. Sasa unataka nini?"

"Nilijua, sikani," nikajibu. "Naomba tu mupime kile nilifanya mimi, si kile walifanya wenye valizi."

Tulingoja hukumu wiki tatu. Kila funguo ikilia mulangoni, nilisimama. Bon, ikaja: trois ans, miaka mitatu.

Nilipotoka, mama yako, niliyemuacha angali ananyonya, alinitazama akasema: "Bonjour, madame," kama kwa mugeni.

Nikamuitika bonjour, tukaanzia hapo.

Koko yako,
Maman Jeanne