Mkono wa Kanzu

Jumanne, 5 Novemba 2024

Daktari kasema turudi na Baba nyumbani, dawa hazimfai tena. Nimemlaza hapa kwangu Mpendae, chumba cha mbele.

Jioni kaka yangu Amjad kaja na habari za klabu: Jumamosi ukumbi wa snuka unapewa jina la Baba. Ukumbi wa Khelef! Bingwa wa Unguja mara sita, kombe la Mombasa, kombe la Nairobi. Amjad analia huku anacheka. Baba kageukia ukutani. Nikadhani ni maumivu.

Jumatano, 6 Novemba

Hayakuwa maumivu.

Nampa uji, kaniuliza: Mcha yu hai? Mcha gani, namuuliza. Mcha wa Uroa, aliyekuwa akipiga brashi meza za klabu, akajifunza mchezo humohumo mpaka akakutana na Baba fainali. Idd Pili ya mwaka themanini na saba. Baba kaja na kanzu yake ya Idd. Siku zote alikuwa akikunja mikono mpaka kwenye viwiko — siku ile kajisahau. Mezani umebaki mpira mweusi peke yake, wa mwisho kutiwa shimoni. Kainama, mkono wa kanzu ukaugusa. Kidogo tu. Hiyo ni faulo, mchezo umekwisha, kombe la Mcha. Refa hakuona. Baba kajua, kanyamaza, kapiga, kashinda. Ubingwa wake wa kwanza huo. Safari na makombe yote yametokea hapo.

"Nitafutie radhi yake," kasema. "Naogopa kufa na haki ya mtu."

Nimelia jikoni, nusu huruma, nusu hasira. Mtu huyuhuyu alinichapa kwa kuficha kipande cha halua!

Alhamisi, 7 Novemba

Sijaenda Uroa. Amjad kasema nisithubutu, tungoje Jumamosi ipite. Na mimi, Mungu anisamehe, nimekubali. Nalipenda jina la Baba. Limenifungulia milango mingi mjini.

Ijumaa, 8 Novemba

Pumzi zinambana. Kila akizinduka: umefika Uroa? Mara tatu. Mara ya nne nikamwambia nshafika, Baba. Mcha kakusamehe, dunia na akhera.

Uso ukamkunjuka. Kalala usingizi mzuri, wa kwanza wiki hii. Mimi nimekaa naona haya hata kutandika msala. Radhi ya mtu nimeitunga mwenyewe.

Jumamosi, 9 Novemba

Badala ya klabu nimemwachia jirani Baba, nimekodi gari, nimekwenda Uroa. Simu nimeizima, Amjad ataniua.

Mcha nimemkuta anafagia bustani ya hoteli. Mvi tupu. Shikamoo. Marahaba. Nikajitaja: Badriya, wa Khelef. Kaacha kufagia. Nilipoanza kueleza kanikata — faulo kaiona siku ileile. Namuuliza, sasa mbona hukusema? Kanitazama vile mtu anavyomtazama mjinga. Yeye mpiga brashi kutoka shamba, ukumbi mzima watu wa mjini, jamaa za Baba. Angesikilizwa na nani? Hakurudi tena klabu. Fimbo yake ya kuchezea aliikatakata, ikapikiwa wali.

Nikamwomba amsamehe, anipe neno nilipeleke. Kakataa.

"Radhi haitumwi mtu, mwanangu. Miaka thalathini na saba nangoja aniambie kwa kinywa chake. Nipeleke. Akishasema, nami ntajua la kumjibu."

Ndani ya gari nilitaka kumwambia nilivyomdanganya Baba. Dunga imepita, Tunguu imepita, mdomo umenishinda. Tumefika saa kumi na moja.

Baba kamjua kwa ile hodi tu. Kanyoosha mkono, machozi yanamtoka. "Mcha! Mungu akulipe. Badriya kaniletea radhi yako jana. Hatuna tena la kukumbushana, ndugu yangu. Mimi sasa nakufa mwepesi."

Basi. Hayo tu. Kanzu hakuitaja, mpira hakuutaja. Kafumba macho, anatabasamu.

Mcha kamshika mkono. Kanigeukia mimi.

Nimekimbilia jikoni, nimesema naweka chai. Naandika nimesimama. Maji yanachemka — sasa Mcha anaita. "Badriya, njoo hapa." Nimeitika naam. Nazima jiko, kalamu naiweka chini.