Nyimbo Nyuma ya Karatasi za Kodi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Kama lilivyo kwenye kitambulisho nilichokabidhi, kazini naitwa Chiriku
Umri: Miaka 34
Kazi: Mwimbaji wa bendi; siku za wiki nashona sare za shule
Makazi: Chumba cha uani, nyumba ya kaka yangu, nyuma ya soko la mbao
Uhusiano na mtuhumiwa: Dada yake wa tumbo moja
Yameandikwa: Alhamisi tarehe 15 mwezi wa nane, kuanzia saa 3:40 asubuhi, chumba namba 4

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, hakuna aliyeniita. Nimekuja na mkoba wa maikrofoni, na ndani yake mna karatasi ishirini na mbili ambazo tumezihesabu mbele ya afande. Naomba zitunzwe vizuri, kwa sababu hazina nakala.

Bendi yetu ina watu wanne. Kaka yangu ndiye kiongozi na anapiga gitaa la besi. Wapo mpiga gitaa, mpiga ngoma na mimi. Mnamo Jumapili tarehe 4 mwezi wa pili tulianza kupiga muziki kwenye bustani ya hoteli, kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni. Mkataba ulikuwa wa miezi sita na uliandikwa kwa jina la kaka. Malipo yalikuwa laki nne kila Jumapili.

Siku hiyo ya kwanza, tulipomaliza, kaka alikuwa anakunja nyaya na wenzake wanabeba spika. Mimi sibebi kitu. Mpiga ngoma husema mwimbaji hubeba koo lake tu, na hata hilo hulalamika. Kwa hiyo kaka alinituma kwa mhasibu wa hoteli nikachukue malipo.

Ofisi ya mhasibu iko nyuma ya jiko, ina dirisha moja na feni inayogonga ukuta. Alinihesabia laki tatu na elfu themanini. Nilimwambia hela haijatimia. Alicheka, akasema, "Dada yangu, elfu ishirini ni kodi. Hoteli inakukateni hapa hapa inaipeleka kwenye ofisi ya kodi, ili nyie msisumbuke." Akanipa karatasi ya makato, nusu ukurasa, ina muhuri wa hoteli, tarehe, na kiasi kilichokatwa. Nilimpelekea kaka. Kaka alifurahi sana. Alisema, "Safi. Wenzetu wanakimbizana na watu wa kodi, sisi tumeshamalizana nao."

Hela tuligawana pale pale juu ya spika, kila mtu elfu themanini, na elfu sitini fungu la vyombo. Karatasi ilibaki mkononi mwangu. Hakuna aliyejua kwamba karatasi ile ndiyo hela yenyewe kwa upande wa serikali, yaani ushahidi kwamba kodi ilikatwa. Sisi tuliona ni karatasi nzuri, nzito, na nyuma ni nyeupe.

Jumapili iliyofuata, tarehe 11, nilihitaji pa kuandikia mpangilio wa nyimbo. Kila onyesho huwa naandika nyimbo kwa mfuatano, tunaibandika karatasi sakafuni kwa utepe wa gundi mbele ya maikrofoni, ili tusigombane jukwaani nani anaanza na nini. Nilichukua karatasi ya makato ya wiki iliyopita nikaigeuza. Ikawa mazoea. Karatasi ya Jumapili hii inakuwa nyimbo za Jumapili ijayo. Mpiga ngoma alituchekesha, alisema, "Wengine wanalipa kodi, sisi tunaikanyaga." Tulicheka sana siku hiyo. Sasa nikiikumbuka kauli hiyo sicheki.

Baada ya onyesho huwa naibandua karatasi na kuiweka kwenye mkoba, ili wateja wa Jumapili wasisikie nyimbo zile zile kwa mfuatano ule ule. Karatasi zilikuwa ishirini na sita. Moja ilinyeshewa ikapasuka, mbili sijui zilikwenda wapi. Ishirini na mbili ni hizi. Ukizitazama utaona alama za viatu, gundi, na moja ina jivu la sigara la mpiga gitaa.

Karatasi ya mwisho, ya tarehe 28 mwezi wa saba, haina wimbo nyuma yake. Mkataba ulikwisha siku hiyo, hapakuwa na Jumapili nyingine ya kuandikia. Hiyo ndiyo kaka aliyokuwa nayo nyumbani.

Mnamo Jumatatu tarehe 5 mwezi huu, kaka alipata barua ya ofisi ya kodi. Iliandikwa kwamba bendi imepokea milioni kumi na laki nne kutoka hotelini na haijalipa kodi hata senti. Kaka hakushtuka. Alivaa shati la harusi, akaenda kujieleza na hiyo karatasi moja. Mkononi kwa afisa wa kodi ilionekana mpya kabisa, kama imechapwa asubuhi ile. Hoteli ilipoulizwa, mhasibu alijibu kwamba hajawahi kukata bendi yoyote kodi, kwamba tulilipwa laki nne kamili kila wiki, na kwamba muhuri huo ni wa kughushi.

Jumanne tarehe 13, saa 1:15 asubuhi, askari wawili walikuja nyumbani. Kaka alikuwa uani anapiga mswaki. Aliomba asuuze kinywa, wakamruhusu. Alipopita mbele yangu nilisema, "Kaka, zile karatasi..." Akanikatiza, "Wewe una sare za watu. Shona." Sijawahi kumwona kaka na uso ule. Alikuwa ananikataza.

Jana Jumatano wifi yangu, mke wa kaka, alimletea chakula hapa kituoni. Aliporudi, kama saa 8 mchana, alisimama mlangoni kwangu bila kuvua kiatu. Alisema, "Wifi, mume wangu amewaambia sahihi zote kwenye kitabu cha hoteli ni zake. Nimemuuliza, mbona wewe hukuwa unakwenda ofisini? Ananiambia nimletee soksi. Wewe unajua nini?"

Nilikuwa naunga kola. Nilisema, "Labda amechoka." Huo ulikuwa uongo, na wifi alijua ni uongo. Akaenda kupika. Sikulala. Nilizitoa karatasi mkobani nikazipanga kitandani kwa tarehe, nikajidanganya kwamba nikizileta hizi basi imetosha, sina haja ya kusema lingine.

Asubuhi hii nimezileta kwa nia hiyo hiyo, na sitajitia hamnazo kwamba nilikuja na nia njema kuliko hiyo.

Afande amezikagua moja moja. Ameniuliza nitathibitishaje kwamba sikuziandika juzi. Nimemwonyesha karatasi ya makato ya tarehe 21 mwezi wa nne. Siku hiyo mhasibu, kabla hajanikabidhi, aliigeuza mwenyewe akaandika kwa mkono wake: "Jumapili ijayo mama yangu atakuwepo. Mwanzieni na Nirudishie Funguo." Wimbo huo ni wetu, kaka ndiye aliyeutunga. Tarehe 28 tulimwanzia nao. Yule mama alisimama akacheza akiwa ameshika mkoba wake, na mwanawe alimpiga picha. Mwandiko huo uko hapo juu ya orodha yangu, na afande amekubali kuulinganisha na mwandiko wa mhasibu.

Saa 4:25 afande alitoa kitabu cha malipo cha hoteli akakifungua mezani. Alisema, "Karatasi zako zinaweza kumsaidia. Lakini hapa imeandikwa laki nne mara ishirini na sita, na kila mstari una sahihi ya kaka yako. Mwenyewe amekiri. Kama alipokea laki nne kamili, karatasi za makato zinatoka wapi? Mahakama itauliza hivyo hivyo."

Nilikitazama kile kitabu. Kila sahihi ina wino uliopakazika kuelekea kulia, mstari hadi mstari, ukurasa hadi ukurasa.

Mimi naandika kwa mkono wa kushoto. Tangu shule, kiganja changu hupita juu ya wino kabla haujakauka, na mwalimu wangu alinichapa kwa ajili ya hilo hadi akachoka yeye. Kaka anaandika kwa mkono wa kulia na daftari zake zilikuwa safi kuliko za mtu yeyote nyumbani.

Hapo nilimwambia afande kwamba sahihi hizo ni zangu.

Afande aliweka kalamu chini. Alisema, "Dada, subiri kwanza. Ukiendelea hapo, huenda usitoke humu kama shahidi. Kuiga sahihi ya mtu ni kosa. Una haki ya kunyamaza na ya kutafuta wakili. Umenielewa?" Nimemwelewa. Aliniletea maji. Nilikunywa nusu glasi. Nimemwambia aandike.

Siku ile ya kwanza mhasibu alisema mkataba ni wa kaka, kwa hiyo kitabu lazima kiwe na sahihi ya kaka. Nilitoka nje kumwita. Kaka alikuwa amechuchumaa na nyaya shingoni. Alisema, "Si unaijua sahihi yangu? Isaini tu, twende." Naijua tangu utotoni, tulikuwa tunashindana nani ana sahihi ya kibosi zaidi. Nikarudi nikaisaini. Mhasibu aliona kwa macho yake kwamba mtu aliyesaini si yule wa kwenye mkataba, na hakusema neno. Nadhani alifurahi.

Jambo lingine. Nilipokuwa nasaini, nafasi ya kiasi ilikuwa tupu. Kila Jumapili ilikuwa tupu. Alikuwa anasema, "Wewe saini, mimi nitajaza, nisikucheleweshe." Mara ishirini na sita nilisaini mahali patupu, nikahesabu laki tatu na themanini, nikashukuru. Hata mara moja sikurudisha macho kwenye ukurasa wa wiki iliyopita kuona alijaza nini. Uvaaji wa mtu yule, suti na kalamu tatu mfukoni, ulinitosha.

Nina hakika kaka alielewa yote pale alipoonyeshwa kitabu kule ofisi ya kodi. Aliona wino uliopakazika akajua ni mkono wangu. Angesema, "Muulizeni dada yangu," angekuwa nyumbani sasa hivi. Alisema ni zake. Nina hasira naye kwa hilo, na nataka iandikwe hivyo. Ana watoto wawili na mke aliyesimama mlangoni kwangu, halafu anakwenda kuubeba mzigo wangu.

Hakuna aliyeniahidi kitu ili niseme haya. Naogopa. Nimeomba nitie sahihi mbili hapa chini, moja yangu na moja ya kaka kama nilivyokuwa nikiitia hotelini, kwa mkono ule ule na kalamu ya wino, ili asiyeniamini mdomo aamini karatasi. Niliyoyaeleza ni hayo, na hakuna mengine niliyobakiza.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)
Sahihi ya mtuhumiwa, kama shahidi alivyokuwa akiiiga: (imetiwa)

MAELEZO YA MPELELEZI

Maelezo ya hapo juu nimeyaandika mimi mwenyewe, nikamsomea shahidi saa 5:50 asubuhi. Aliomba nifute neno moja: nilipoandika kwamba mhasibu "alinilazimisha" kusaini, alitaka iwe "alisema". Nimerekebisha.

Ametia sahihi zote mbili mbele yangu kwa mkono wa kushoto. Katika zote mbili wino umepakazika kuelekea kulia, sawa na katika mistari yote ishirini na sita ya kitabu cha malipo. Saa 6:05 mtuhumiwa aliletwa na kutakiwa kusaini mara tatu kwenye karatasi tupu. Alisaini kwa mkono wa kulia. Wino ni safi.

Karatasi ishirini na mbili zimepokelewa kama vielelezo. Mhasibu wa hoteli ametumiwa wito wa kufika leo saa 9 alasiri pamoja na vitabu vyote vya makato. Shahidi amebaki kituoni. Ameomba sare nne zilizo juu ya cherehani yake zipelekwe kwa wenyewe, kwani zimebakiza vifungo tu.

Mtuhumiwa alipoarifiwa kwamba dada yake yuko chumba cha pili na alichokisema, alikaa chini sakafuni. Alisema maneno haya tu: "Si nilimwambia ashone."