Marehemu Hashiki Nusu ya Kidole

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba unijibu upesi kwa sababu ndoa yangu imeshatangazwa usharikani Jumapili mbili na tangazo la tatu nimemwomba mchungaji alisimamishe, sababu sikumwambia, nilisema naumwa tu, na kweli naumwa.

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na mbili, naishi Kimandolu, mume wangu Gadiel alifariki miaka minne iliyopita, na kazi yangu ni kuchambua maharage ya mbegu kwenye ghala hapa mjini, tunakaa mezani toka asubuhi mpaka jioni, mkono wa kulia unatoa mabovu na mawe, wa kushoto hauna kazi kwa hiyo nakuwa nimeshika tama, kiwiko mezani, mpaka mwenzangu Silantoi ananitania, "Mama, matanga yalishaanuliwa, wewe bado unalia na maharage?"

Sasa tangu Agosti, mzigo mpya ulipoingia na tukaongezewa saa, kidole cha pete cha mkono wa kushoto kimeanza kufa ganzi, upande ule wa kidole kidogo, na hicho kidogo nacho kimekufa chote, vinachoma kama nimeshika upupu, asubuhi naamka nimekunja mkono chini ya shavu na vidole viwili si vyangu, mwezi huu nimeangusha kikombe mara mbili na vifungo vya blauzi vinanishinda. Mwezi Oktoba Lerionka akaleta posa, mwanamume mpole, fundi wa pampu za maji, nikakubali. Nikamwonyesha wifi yangu Sabina, dada wa marehemu, hicho kidole, akakichoma kidogo na sindano, sikusikia, akasema, "Kaka hajakuachia." Nikamwambia, "Wifi, pete nilishaivua." Akajibu, "Umeivua wewe. Yeye hajaivua."

Anataka nirudishe posa, kisha anipeleke Maji ya Chai kwa mzee anayechanja chale kwenye kiwiko ili marehemu aachie. Lerionka anasema, "Basi mimi pete nitakuvisha kidole gumba," lakini kicheko chake kinaishia mdomoni. Mshauri, Gadiel nilimpenda sana, na ninachoogopa ni kwamba labda wifi anasema kweli. Nirudishe posa?

Elinipa, Kimandolu

JIBU

Elinipa, marahaba. Kabla hujaendelea kusoma, kiondoe kiwiko mezani. Ndiyo, hicho hicho.

Umeniandikia ugonjwa, chanzo chake na mwezi ulioanza, halafu ukaniuliza habari za marehemu! Mimi si daktari, kwa hiyo barua yako nilimsomea daktari wa mifupa bila kutaja jina. Hakungoja niimalize. Aliuliza swali moja tu: "Anashika tama kwa mkono upi?"

Nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, unapita mshipa wa fahamu ambao kila mtu anaujua siku anapojigonga mlangoni na kupigwa kama na umeme. Pale hauna nyama ya kuulinda. Ukiuegemea saa nane kwa siku unaubana, na ukilala umekunja mkono unauvuta. Mshipa huo ndio unaohudumia kidole kidogo chote na nusu ya kidole cha pete, ile nusu inayopakana na kidole kidogo. Nusu ya pili ina mshipa mwingine. Sasa niambie, marehemu gani anashika nusu ya kidole? Na hicho kidole kidogo kilifunga ndoa na nani? Ganzi ilianza Agosti, posa imekuja Oktoba. Gadiel aliikasirikia kabla haijaletwa?

Sisi watu wa mlima huu tumejenga shule kila kilima, lakini kiungo kikifa ganzi tunatafuta kaburi la kulaumu kabla ya kutazama kiti tulichokalia. Wazee walitukataza kushika tama, wakasema utaita msiba. Kwako msiba ndio ulioita tama, na tama ikaula mkono. Hilo nalielewa, mama, wala silicheki. Mtu anaweza kuanua matanga na kiwiko kikabaki msibani.

Wifi Sabina simwiti mwongo. Amempoteza kaka, na kila mara ndoa yako inapotangazwa anamzika upya. Lakini huzuni haimpi mtu ruhusa ya kuleta wembe. Mshipa huo uko chini ya ngozi tu. Chale moja mbaya itaukata, na hapo mkono utakuwa umekufa kweli. Maji ya Chai nenda kununua ndizi.

Hospitali nenda wiki hii. Daktari atagonga kiwiko taratibu, atakukunjisha mkono kwa dakika moja aone kama ganzi inaongezeka, atakupa karatasi uibane kwa kidole gumba na cha shahada aone kama inakuponyoka. Ataangalia shingo, sukari, hata ukoma, maana nao huushambulia mshipa huo huo. Huenda akakutuma kwenye kipimo cha umeme wa mishipa. Wenye ganzi nyepesi wengi hupona kwa kuacha kuegemea na kuacha kukunja: ghalani mwombe msimamizi meza ya chini zaidi, na ukienda kulala funga taulo kuzunguka kiwiko, lisibane, mkono usikunjike. Lakini wewe umeshaanza kuangusha vikombe. Huo ni udhaifu, na udhaifu haungojwi. Wakikuambia upasuaji wa kuupa mshipa nafasi, sikiliza. Ukichelewa, nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada itanywea, na ikishanywea huenda isirudi.

Posa usirudishe. Ukitoka hospitali mpitie Sabina. Fumba macho, mwambie akiguse kidole chako cha pete upande mmoja, kisha upande wa pili, aone mwenyewe wapi unajibu. Mkaribishe aketi benchi lako siku tangazo la tatu litakaposomwa.

Na Lerionka mwambie kidole gumba akiache. Pete akuvishe pale pale. Nusu yake bado inasikia.