Daktari Kakata Wapi?

A-Hok, uko? Nimetoka hospitali sasa hivi. Nimejiaibisha mbele ya wodi nzima.

Unajua Kai-wen, mwanangu niliyemlea kama binti na sasa ni mwanamume, hajanisemesha tangu nimfukuze nyumbani miaka miwili iliyopita. Jana kafanyiwa upasuaji wa kuondoa matiti. Leo nikapika ile supu ya samaki ya kuponya vidonda, nikaenda bila kualikwa. Baba bora, sivyo?

Nesi akafungua bendeji kukagua. Nikachungulia. Hakuna kitu! Kamkato kembamba pembeni mwa chuchu, basi. Eti kifua kikiwa kidogo, kila kitu wanakitolea kwenye katundu hako.

Nikapaza sauti: "Daktari kakata wapi? Miaka thelathini nachinja nguruwe, mkato huo hautoi hata figo!"

Hautoi hata figo! Nimesema hivyo, A-Hok. Profesa wa upasuaji, niliyeishia darasa la sita.

Nesi akanifokea: "Mzee, hapa si buchani!"

Nikaanza kuondoka kabla sijafukuzwa. Nikasikia kitandani: "Baba, usinichekeshe, kidonda kinauma."

Baba! Kasema Baba. Alikuwa anacheka huku ameshika kifua.

Akaniomba nimfungie vifungo vya shati, maana haruhusiwi kunyanyua mikono. Mavidole yangu haya, yanayovunja mbavu za nguruwe, yalikikosa kifungo cha kwanza mara tatu.

"Taratibu, Baba," akasema. "Mimi siendi popote."