Walitaka Mtu Mmoja

Jumatano, 4 Machi

Ninaandika daftari hili kwa sababu moja: nimeshindwa usaili mara tatu mfululizo, na sitaki kuingia wa nne bila kulijua kosa langu.

Makosa ya kawaida nimeyaepuka yote. Nilifika nusu saa mapema. Simu niliizima. Sikuketi mpaka nilipokaribishwa. Viatu viling'aa hata nikaona haya! Historia ya taasisi yao niliisoma nikaijua kuliko bawabu wao. Hata hivyo, leo barua ya tatu: "Tunasikitika kukujulisha."

Safari hii nilithubutu. Nilimpigia simu karani wao, nikamwomba kwa adabu zote anidokezee sababu. Akasita, akashusha sauti. Kumbe mwenyekiti wa jopo aliandika pembeni mwa jina langu: Tunaajiri mtu mmoja, huyu alikuja na kikundi.

Kikundi! Niliingia peke yangu!

Jumamosi, 7 Machi

Fumbo limefumbuliwa — na fundi cherehani.

Nilikuwa nafanya mazoezi ya majibu mbele ya Shangazi, yeye akipinda sketi ya mteja. Nikatamka kwa ufasaha: "Nilipokuwa katika mafunzo kwenye ghala la hospitali, tulipanga upya rafu, tukaandika kadi ya kila dawa, tukapunguza dawa zinazotupwa."

Cherehani ikanyamaza.

"Mlikuwa wangapi?"

"Peke yangu, Shangazi. Msimamizi alikuwa likizo."

"Sasa hao wengine umewatoa wapi?"

Nikamweleza kwamba kusema "mimi, mimi" ni majivuno. Kwamba ndivyo nilivyolelewa, na mlezi mwenyewe ni yeye. Akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

"Nilikufundisha usijisifu, mwanangu. Sikukufundisha usiwepo!"

Kisha akainua ile sketi. Akasema mteja akiuliza nani kaishona, yeye hujibu: mimi. Akijibu "tumeishona", kiuno kikimbana mteja, mteja atamrudia nani?

Nimekaa na jambo hili mchana kutwa. Nilidhani "mimi" ni neno la kujivunia tu. Kumbe ni neno la kudaiwa pia.

Jumatatu, 9 Machi

Shangazi amejiteua kuwa jopo zima. Kila nikitamka "tuli—", rula ya kupimia inatua begani. Nimeshindwa hata kutaja shule. "Tulihitimu—" Pa! "Ulihitimu na nani? Cheti kina majina mangapi?"

Rula kumi na saba leo. Silabi moja, herufi mbili, imeniponza mara tatu!

Jumanne, 17 Machi

Usaili wa nne. Ghala kubwa la dawa. Nafasi moja, sisi kumi na mmoja kwenye benchi — na hapo "sisi" ni halali.

Jopo la watu watatu: mwenyekiti, mama mwenye miwani inayoning'inia kifuani; mfamasia; na mkaguzi, mzee mkimya mwenye kalamu mbili mfukoni. Wakaniuliza nilifanya nini mafunzoni.

"Nilipanga rafu. Niliandika kadi. Nilisogeza mbele dawa zinazokaribia kuisha muda, zitoke kwanza."

Sauti ilitetemeka kwenye "ni" ya kwanza. Ya tatu ilisimama wima.

Ndipo mkaguzi akafungua kinywa: "Na hakuna kilichoharibika?"

Kilikuwapo. Katoni mbili za dawa ya macho. Ajabu — hapo ndipo nilipowatamani wenzangu wote wasiokuwepo! "Tulikosea" ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. "Ziliharibika" ilikuwa nyuma yake, tamu zaidi.

"Niliziharibu mimi," nikasema. "Nilitazama tarehe, nikasahau dirisha. Jua liliziwakia siku mbili. Niliripoti siku hiyohiyo nilipogundua, nikahamisha rafu nzima."

Mfamasia alimtazama mkaguzi. Mkaguzi akachomoa kalamu, akaandika, tena kwa muda mrefu. Mwenyekiti akavaa miwani ili anione vizuri.

"Tangu asubuhi tunasikia ziliharibika, vilipotea, ilivunjika," akasema. "Katika maghala ya wenzako vitu vinajiharibu vyenyewe. Wewe ndiwe wa kwanza kusema niliharibu."

Nilishukuru, nikatoka taratibu kama inavyopasa. Nilipopinda kona — mbio! Mtu mzima na tai!

Shangazi aliuliza, "Vipi?" Nikamjibu, "Nimeshinda." Majibu bado, ndiyo. Lakini leo, wakininyima, watakuwa wameninyima mimi.

Ijumaa, 20 Machi

Saa nne na robo, simu. Karani wa ghala. Mkuu wa ghala anataka kuniona.

Nikauliza, kwa lugha sanifu kadiri pumzi ilivyoruhusu, iwapo huo ni usaili mwingine au ni kuripoti kazini.

"Hakusema. Amesema uje na viatu vya kufunga kamba, visivyoteleza. Rafu za juu zinapandwa kwa ngazi."

Na wale wengine kumi, wameitwa wangapi?

Akacheka. "Mimi nimeambiwa nitoe kofia ngumu moja."

Moja! Nikamshukuru mara tatu. Mara ya nne alikwishakata simu. Shangazi ananipima mabega, anasema koti la ghala haliazimwi, ingawa hakuna aliyemwagiza koti. Nimemsihi asubiri neno rasmi. Ameshakata kitambaa.

Jumatatu, tarehe 23, saa mbili kamili asubuhi, mlango wa nyuma.